Kutoka meza ya soko mpaka baraza la komine: njia ya muuzaji anayetetea wenzake

Katika miji ya mashariki ya Congo, kila soko liko na mtu wa namna hii. Anauza mchele ao unga, anachaji simu za watu, ao anashona nguo. Takse mpya ikiletwa, ni yeye wenzake wanamtuma kwenda kuuliza karatasi. Maji yakikatika kartie nzima, ni yeye anaandika barua na kuizungusha ili watu waweke sahihi. Siku moja wanamwambia: «Basi wewe mwenyewe ingia kule ndani.»

Kule ndani ni baraza la komine. Makala hii inaeleza baraza hilo ni nini, muuzaji mdogo anaingia humo kwa njia gani, hesabu gani inaweza kumwangusha hata kama watu wanamupenda, na juu ya nini mashariki mlango unaweza kubaki umefungwa hata kisha kura kupigwa.

Komine ni nini mbele ya sheria

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 3, inasema mji, komine, sekta na shefri ni sehemu za inchi zinazojiongoza zenyewe: ziko na viongozi wao, mali yao na feza yao. Kartie na avenyi haziko katika hesabu hiyo. Mkuu wa kartie huteuliwa, raiya hawamchagui. Kwa hiyo, mu mji, komine ndiyo ngazi ya chini kabisa ambapo sauti ya raiya inaweza kugeuka kuwa kiti.

Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 inaeleza kazi za ngazi hizo. Raiya wanachagua washauri wa komine (conseillers communaux) moja kwa moja, kwa muda wa miaka 5. Washauri hao ndio wanachagua mkuu wa komine, yaani bourgmestre, pamoja na msaidizi wake. Tena washauri wa komine zote za mji ndio wanachagua washauri wa mji, na washauri wa mji wanachagua meya. Mwenye kupiga kura ya mshauri wa komine anapiga, bila kujua, kura ya bourgmestre na ya meya pia.

Mambo ambayo baraza la komine linaamua ni yale ambayo muuzaji anakutana nayo kila asubuhi: masoko ya komine, uchafu na mifereji, barabara ndogo za ndani, parking, budget ya komine na namna feza yake inatumiwa. Baraza liko na haki ya kumwita bourgmestre na kumwuliza maswali, na likikosa kumwamini linaweza kumwondoa kwa kura.

Mlango uliofunguliwa mara chache

Kura ya komine si kitu kipya mu Congo. Wabelgiji waliruhusu ya kwanza mwezi wa kumi na mbili 1957, katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, miji ambayo leo inaitwa Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Bukavu na Stanleyville, yaani Kisangani, zilifuata 1958. Wanaume peke yao walipiga kura, na walipaswa kuwa na miaka 25. Wamama walioshinda sokoni na kulisha miji hiyo hawakuwa na karatasi ya kura.

Mambo mawili yalitokea wakati ule ambayo yanafaa kukumbukwa. La kwanza ni la Kinshasa. ABAKO ilianza 1950 kama shirika la kulinda lugha ya Kikongo na desturi zake, si kama chama cha siasa. Katika kura ya 1957 watu wake walishinda komine nyingi, na kiongozi wao Joseph Kasa-Vubu akawa bourgmestre wa Dendale. Siku ya kupokea kazi, tarehe 20 mwezi wa ine 1958, alitumia kiti hicho kidogo kudai mambo makubwa: wakongomani wajiongoze wenyewe. Miaka miwili kisha pale alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri. Komine ya Dendale leo inaitwa Kasa-Vubu.

La pili ni la Lubumbashi, na ni onyo. Bourgmestre wengi waliotoka katika kura ya 1957 kule walikuwa watu wa asili ya Kasai. Wenyeji wengi waliona wametupwa inje ya mji wao wenyewe, na 1958 chama cha Conakat kikazaliwa katika hasira ile. Chuki iliyofuata kati ya «wenyeji» na «wageni» ilimwaga damu, tena zaidi ya mara moja. Kura ya komine iko karibu sana na nyumba ya mtu, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuigeuza kuwa hesabu ya kabila.

Wakati wa Mobutu komine ziliitwa zone, na chama kilikuwa kimoja tu, MPR. Kisha pale Katiba ya 2006 iliahidi mabaraza yaliyochaguliwa, lakini chaguzi za 2006, 2011 na 2018 zilipita bila kura ya komine. Muda huo wote meya na bourgmestre walitoka katika karatasi ya uteuzi iliyotiwa sahihi Kinshasa. Raiya wa Kadutu ao wa Karisimbi hakuwa na njia ya kumwambia mkuu wa komine yake: mimi ndiye nilikuweka hapo.

Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 mlango ulifunguliwa nusu. Pamoja na kura ya Rais na ya wabunge, raiya walichagua washauri wa komine, lakini katika miji mikubwa ya majimbo peke yake. Kwa hiyo Goma, Bukavu, Bunia, Kindu, Kisangani na Kalemie zilipiga kura hiyo. Butembo, mji wa wachuuzi unaojulikana inchi nzima, haikupiga, kwa sababu si mji mkuu wa jimbo. Inchi nzima ilikuwa na viti 915, na wagombea waliopita 31 000. Ni watu zaidi ya 30 wakigombania kiti kimoja.

Juu ya nini muuzaji

Kuna sababu kwa nini watetezi wengi wa mji wanatoka katika biashara ndogo. Mwenye kazi ya leta anaogopa kupoteza mshahara wake. Mwanafunzi anamaliza masomo na kuhama. Muuzaji anabaki pale pale, mlango wake uko wazi toka asubuhi mpaka giza, na kila anayepita anamwachia habari. Meza yake ni ofisi bila kodi ya ofisi. Anayekopesha unga mwisho wa mwezi anajua nyumba gani haikulala na chakula, na anajua pia nani hulipa deni.

Zaidi ya hayo, muuzaji anaijua leta kupitia takse. Sheria ya biashara ndogo ni ya tarehe 2 mwezi wa munane 1979, namba 79-021. Inasema biashara hiyo ni ya raiya wa Congo na kwamba muuzaji mdogo anapaswa kuwa na patente. Lakini mwenye patente anajua kwamba kisha patente kuna mlolongo mwingine: ya meza, ya usafi, ya mizani, na ya mtu ambaye hakuna anayejua ametumwa na nani.

Hapa ndipo utetezi unaanza kuwa na meno. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi inayowekwa bila sheria. Kuna orodha rasmi ya kodi na malipo yote ambayo majimbo, miji na komine wanaweza kudai: ni ordonnance-loi namba 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2018. Malipo yasiyokuwa katika orodha hiyo hayana mgongo wa sheria. Muuzaji aliye na kopi ya orodha, na anayedai risiti kila mara, ameanza kazi ya mshauri mbele ya kuchaguliwa.

Kwa wamama, ambao ndio wengi ku soko, kuna karatasi nyingine ya maana. Sheria ya jamaa ya 1987 ilimtaka mke kupata ruhusa ya bwana wake mbele ya kufanya mambo mengi ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Mama aliyeolewa anaweza kufungua biashara, kutia sahihi mkataba na kugombea kiti bila kuonyesha karatasi ya bwana. Tena sheria ya uchaguzi kama ilivyobadilishwa 2022 inasamehe dhamana kwa orodha yenye nusu ya wagombea wanawake. Chama kinachosema «hatukupata wanawake» kinachagua kulipa.

Mtetezi na muuzaji katika mwili mmoja

Goma inajua vizuri utetezi wa mji. LUCHA ilizaliwa huko 2012, na kati ya madai yake ya kwanza yalikuwa kazi kwa vijana na maji safi, mambo ya komine kabisa. Mwezi wa pili 2016, usiku wa kuamkia siku ya «ville morte», vijana sita wa LUCHA walikamatwa Goma wakitayarisha vitambaa vya maandishi. Walihukumiwa miaka miwili, na katika rufani ikapunguzwa kuwa miezi sita. Mmoja wao, Rebecca Kabugho, alipewa zawadi ya kimataifa ya wanawake wenye ujasiri 2017. Kifungu cha 26 cha Katiba kinasema wanaotaka kuandamana wanaarifu mamlaka kwa maandishi, hakisemi waombe ruhusa. Tofauti ya maneno hayo mawili imepeleka watu wengi mu gereza.

Lakini siku ya «ville morte» inaonyesha pia ugumu wa mtu aliye muuzaji na mtetezi kwa pamoja. Kufunga mji kunafanyika kwa kufunga meza. Mama anayeuza ndizi kwa mtaji wa siku akifunga leo, kesho hana cha kununulia. Mwenye depo kubwa anaweza kufunga siku tatu na asisikie. Mtetezi ambaye yeye mwenyewe anauza anaijua hesabu hii ndani ya tumbo lake, na watu wa soko wanamwamini kwa sababu hiyo: akisema «tufunge», naye anapoteza.

Akigombea, maswali yanabadilika. Jana alisema kwa niaba ya shirika, leo anaomba kura. Wengine wataanza kusema alitumia maumivu yao kama ngazi. Ndiyo maana harakati nyingi za raiya zinadai mwanachama anayeingia siasa aache kwanza nafasi yake ndani ya harakati. Ni hasara, lakini inalinda pande zote mbili: wenzake wanaweza kumpigia kelele kesho kama walivyompigia mtangulizi wake, naye hawezi kusema shirika zima liko nyuma yake.

Hesabu inayowaangusha wengi

Watu wengi wanafikiri kwamba mwenye kura nyingi ndiye anaingia. Katika komine haiko hivyo. Sheria ya uchaguzi inataka orodha ifikishe kwanza kiwango fulani, kinachoitwa seuil. Kwa wabunge wa taifa ni 1 kwa mia ya kura za inchi nzima, kwa wabunge wa jimbo ni 3 kwa mia, na kwa washauri wa komine ni 10 kwa mia. Orodha isiyofika hapo inatupwa inje na kura zake zote.

Mfano mdogo unaeleza. Tuseme komine moja iko na kura halali 40 000. Kiwango ni kura 4 000. Chama kinaweka wagombea 10, na kila mmoja analeta kura 420 kwa jamaa, kanisa na avenyi yake. Jumla ni 4 200: chama kimepita, na mwenye kura nyingi ndani ya orodha anaweza kupata kiti. Upande mwingine kuna muuzaji mtetezi aliyejiweka mwenyewe bila chama. Amepata kura 3 000, mara saba kuliko yule wa chama. Hakufika 4 000. Anarudi ku meza yake, na yule wa kura 420 anaitwa mheshimiwa.

Hesabu hii inaeleza juu ya nini watetezi wengi wanaingia katika vyama ambavyo jana walivikosoa. Sheria inaruhusu mtu kugombea peke yake, lakini inamwekea mlima. Njia ya katikati ni watetezi kadhaa, wa soko, wa motari, wa walimu, wa wamama wa AVEC, kukaa pamoja mapema, kuchagua chama ambacho kanuni zake wanaweza kuvumilia, na kujaza orodha yote wao wenyewe. Kazi hiyo haifanyiki wiki mbili mbele ya CENI kufunga ofisi zake.

Kuna pia feza ya dhamana, ambayo hairudishwi hata kama mtu ameshindwa. Kisha kuna picha, mafuta ya motari, chakula cha mashahidi katika kila kituo cha kura. Mtu wa biashara ndogo anatoa yote hayo katika mtaji wake. Wengi wamegombea na mtaji wa duka, wakashindwa, na wakakosa kura na duka pamoja. Feza ya likelemba haifai kuguswa hata kidogo: siku zamu ya mwenzako inafika na sanduku liko tupu, jina lako limeisha ku soko, na hilo ndilo lilikuwa mtaji wako wa kweli.

Feza ya komine iko wapi

Mshauri aliyeingia anakuta swali moja kubwa: komine inafanya kazi na nini? Katiba, kifungu cha 175, inasema 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni ya majimbo na yanapaswa kubaki huko huko. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba 40 kwa mia ya sehemu hiyo ya majimbo ni ya miji, komine, sekta na shefri. Kwa maneno ya soko: katika franka 100 za taifa, 40 ni za majimbo, na katika 40 hizo, 16 zinapaswa kushuka chini mpaka mahali raiya anaishi.

Kwa miaka mingi feza hizo zimefika kwa kuchelewa, kwa vipande, ao hazikufika. Komine isiyopata sehemu yake inajilisha kwa takse za mahali, na takse za mahali maana yake ni yule mama wa ndizi. Mshauri anayetaka kweli kupunguza mzigo wa soko hawezi kupiga tu kelele juu ya askari wa takse. Anapaswa kuuliza, kwa maandishi na katika kikao, komine imepokea ngapi toka jimboni, mwezi gani, na karatasi iko wapi.

Kuna mtego mwingine pia. Mshauri aliye muuzaji asiuze vitu kwa komine yake. Saruji ya mfereji ikitoka katika depo yake, hata kwa bei nzuri, kesho hataweza kuuliza juu ya nini mfereji umepasuka.

Mashariki: kura bila kiti

Yote hayo yanachukua kwamba komine inaongozwa na raiya. Katika Ituri na Kivu ya Kaskazini haikuwa hivyo hata mbele ya kura ya 2023. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 majimbo hayo mawili yaliwekwa chini ya «état de siège». Liwali akawa mwanajeshi, na katika miji na komine maofisa wa polisi wakachukua nafasi ya viongozi wa kiraia. Goma na Bunia walichagua washauri wao huku bourgmestre akiwa mtu wa silaha ambaye washauri hao hawakumchagua.

Katika jimbo hilo la Kivu ya Kaskazini, raiya wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura 2023 kwa sababu ya vita. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 AFC/M23 iliingia Goma, na mwezi wa pili Bukavu, ikaweka viongozi wake yenyewe. Mshauri aliyechaguliwa Karisimbi ao Ibanda alibaki na jina lililotangazwa na CENI, bila chumba cha kukutania. Wengine walikimbia, wengine walifunga midomo, wengine walirudi ku biashara zao.

Hii haimaanishi kwamba kura ile haikuwa na kazi. Imeacha watu ambao wamejulikana kwa majina, komine kwa komine, kama waliochaguliwa na jirani zao. Na imeacha soko lenye desturi ya kuuliza. Takse haijapumzika kwa sababu ya vita: kila anayeshika mji analipisha meza, na kila barrière iko na bei yake. Muuzaji anayeandika katika daftari tarehe, kiasi, jina la takse na namba ya risiti anaweka ushahidi ambao baraza lolote la kesho litauhitaji. Afanye hivyo kwa akili, na daftari isilale ku meza, kwa sababu kuna saa ambapo karatasi kama hiyo inaweza kumletea mtu hatari.

Kwa Butembo, Beni, Uvira na miji mingine ambayo haijapiga kura ya komine hata mara moja chini ya Katiba hii, dai la kwanza ni kura yenyewe. Kwa Goma, Bukavu na Bunia, dai ni kwamba wale waliochaguliwa wakae, wahesabiwe, na waulizwe. Muuzaji anayefikiri kuingia ana mambo matatu ya kutayarisha mbele ya picha na nyimbo: wenzake wa kujaza orodha, mtu mwaminifu wa kushika duka, na kopi ya budget ya komine. Akienda kuomba kopi hiyo na akanyimwa, tayari ameshajua swali lake la kwanza siku atakapokaa ku kiti.